Mkimbiaji Asiyefika

Kila jioni nikitoka shuleni hapa Yamumbi, nilipita nyumbani kubadilisha sare, kisha nikaenda kwa nyanya yangu, Kukhu Selpha, kumtia matone ya dawa machoni. Mikono yake ilitetemeka, na mama alifunga kibanda chake cha mboga giza likishaingia. Kukhu alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa huo hauumi, lakini daktari alituonya kwamba jicho likipofuka halirudi.

Kukhu hakujua kusoma, kwa hivyo nilimfundisha emoji kwa simu ya zamani niliyoachiwa na mama.

"Ukiona mtu huyu anayekimbia," nilimwambia, "ujue mimi Nekesa niko njiani, nakuja mbio."

Aliisogeza simu yake karibu na uso, akacheka. "Mbona anakimbilia upande ule? Kama ananitoroka."

"Ndivyo walivyomchora, Kukhu."

Mwanzoni nilimtuma huyo mtu huku nikitembea kweli. Halafu, sijui niseme nini, uvivu ukaniingia. Nilimtuma nikiwa uwanjani nikicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na rafiki yangu Lynette. Nabonyeza, natuma, narudi mchezoni. Giza likiingia nilikimbia, ndiyo, lakini nilikimbilia kwetu. Mama akiuliza kama Kukhu ametiwa dawa, nilijibu, "Ndiyo, Mama."

Kukhu hakunisemea. Siku moja tu alisema, "Jana mtu wako alikimbia mpaka nikalala." Hakuwa na hasira, nami nikajifanya sijasikia.

Mwezi wa Agosti tulimpeleka kliniki. Daktari aliichukua ile chupa ya dawa, akaitikisa karibu na sikio.

"Hii niliwapa mwezi wa Juni," alisema. "Mbona bado ina dawa nyingi hivi?"

Mama aligeuka akanitazama. Kabla sijafungua mdomo, Kukhu alijibu, "Mtoto alikuwa njiani, daktari. Kila siku alinitumia ujumbe."

Angenigombeza ningevumilia. Kunitetea ndiko kulikoniliza.

"Sikuwa njiani," nikasema. "Nilikuwa nikicheza. Nilimdanganya Kukhu, na wewe pia, Mama."

Mama alifungua mkoba, akatafuta leso, akajifuta macho yake mwenyewe. Jicho la kushoto la Kukhu lilikuwa limekwisha kuzima. La kulia lingebaki, daktari alisema, dawa isipokosekana hata siku moja.

Tangu hapo haijakosekana. Wiki iliyopita nilitoka nyumbani mbio, na kwa mazoea nikamtumia ile emoji. Nilipofika nilimkuta ameketi mlangoni, simu mkononi.

"Imelia," alisema. "Ni nani? Kapicha kenyewe sikaoni."

"Ni yule mtu anayekimbia, Kukhu."

Aliiweka simu chini.

"Usinitumie huyo tena, mjukuu wangu. Yeye hukimbia kutwa na hafiki. Mimi nikisikia viatu vyako pale langoni, inanitosha. Neno la mtu liende na miguu yake. Ukisema uko njiani, uwe njiani."

"Nimesikia, Kukhu. Nisamehe."

"Nilikusamehe kule kliniki. Haya, weka dawa."

Aliinua uso. Nikatia tone moja katika jicho la kulia, akapepesa. Lile la kushoto lilikuwa wazi pia, limenielekea mimi, na halikuniona.