Zulia Alilopewa Bibi Uulkan

Kila kiangazi Begimai alifunga nyumba yake mjini Bishkek, akapakia mikasi, sabuni na mablanketi kwenye gari lake kuukuu, akamkalisha binti yake Meerim kiti cha nyuma, wakapanda milimani. Kazi zake zote zilitoka huko. Alilala kwa wafugaji, akachora farasi wao na nyuso zao, na baridi ilipokaribia alirudi mjini kufanya maonyesho. Watu walisimama mbele ya picha alizozishona kwa manyoya ya kondoo mpaka wakasahau kilichowaleta. Baba yake Meerim alikwenda kutafuta kazi Urusi akapotelea huko. Walibaki mama na mwana, na Begimai alimpenda mtoto yule kupita kiasi.

Kiangazi hicho walifikia kwa Bibi Uulkan, mjane aliyekaa peke yake huko juu Naryn. Binti yake wa pekee alipotelea kwenye theluji zamani, angali mdogo. Bibi mwenyewe hakuwa na neno: mcheshi, mkarimu, mikono haitulii. Alimpa Begimai vipande viwili vya manyoya vilivyokanyagwa na kushikana vizuri, kimoja cheupe, kimoja cha kahawia, laini ajabu.

"Chukua, mwanangu. Mimi nitamshonea nani?"

"Nikulipe nini, bibi?"

"Ukimaliza tutajua."

Begimai akavipandanisha vile vipande, akamlaza Meerim juu yake huku ametandaza mikono, akamzungushia alama kwa sabuni, mtoto anacheka anavyotekenywa. Kisha akakata vyote viwili kwa pamoja, kama wanavyokata huko siku zote. Ukikata hivyo hakipotei kitu. Umbo jeupe unalitia kwenye tundu la kahawia, la kahawia kwenye tundu jeupe, unashona, unapata mazulia mawili pacha. Lile lenye mtoto mweupe alilitaka kwa maonyesho. La pili akampa bibi kama shukrani.

"Unanipa?" bibi aliuliza, sauti imeshuka.

"Nakupa."

"Kwa moyo wako?"

"Kwa moyo mweupe! Bibi wee, mbona unanihoji kama polisi?"

"Anaitwa Meerim, siyo?"

"Meerim, ndiyo."

Bibi akamega mkate, wakala.

Sasa, huko kwao kila mtu anajua kwamba mazulia pacha hayatenganishwi ovyo. Yanatenganishwa siku moja tu, siku binti anapotolewa kwenda kuwa mtoto wa nyumba nyingine. Moja linabaki kwa mama, moja linakwenda na binti, jina lake linatajwa, mkate unamegwa. Begimai aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini ndiyo hivyo tena, akili yake yote ilikuwa kwenye maonyesho. Alidhani anatoa zulia.

Majani yalipoanza kupukutika mjini, Meerim akaanza kuwa na adabu. Mtoto aliyekuwa akinyakua mkate mezani sasa alingoja akaribishwe. Aliomba ruhusa ya kunywa maji. Kila asubuhi alikunja blanketi lake vizuri na kuliweka karibu na mlango.

"Ehe, tumekua siku hizi!" Begimai akamtania. Hakuogopa hata kidogo.

Kisha nywele za mtoto zikaanza kunuka moshi wa samadi, ule wa majiko ya wafugaji. Nyumbani kwao walipikia gesi.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa tangu asubuhi. Tilek, mwenye ukumbi, alimjia Begimai mbiombio, uso unang'aa.

"Dada, hongera! Lile la mtoto kila mtu analitaka. Ila ungeniambia kwamba umelibadilisha, jamani. Kadi za mwaliko zina picha ya zamani."

"Sijabadilisha kitu."

"Acha utani. Si huo mkono?"

Begimai akatazama. Mtoto wa kwenye zulia hakuwa tena ametandaza mikono yote miwili. Mmoja ulikuwa umeinuka juu, kama wa mtoto anayeshikwa mkono na mtu mzima. Akapitisha kidole kwenye mshono. Haukufumuliwa popote. Uzi ule ule. Mshono wake mwenyewe.

Moyo ulimlipuka paa! Akageuka kumtafuta Meerim. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mwanangu, twende nyumbani."

"Asante," Meerim akasema taratibu. "Chai yenu ilikuwa tamu. Lakini mama atanitafuta. Kondoo hawajaingia."

"Mama ni mimi! Meerim, mama ni mimi!"

Mtoto akamtazama kwa huruma.

Begimai akamkimbiza kwa mdogo wake, Sairagul. "Mshike. Usimwachie hata dakika. Hata akikuomba kwa adabu, mshike."

"Dada, unanitisha."

"Bora utishike."

Akaendesha gari mpaka barabara ikaisha lami, ikaisha kokoto, ikabaki theluji. Alifika kwa Bibi Uulkan jua limetoka, mchana mweupe. Bibi alifungua mlango kabla hajabisha.

Zulia lilikuwa ukutani. Mtoto wa kahawia hakuwemo. Lilibaki tundu tupu lenye umbo la Meerim, uzi umezunguka kingo zake zote, na ukuta ukionekana kwa ndani. Chini yake palikuwa na viatu vidogo. Vimelowa.

Nyuma ya nyumba mtoto alikuwa akiita kondoo. Begimai aliijua sauti ile.

Simu ikalia mfukoni. Sairagul alikuwa akinong'ona. "Dada, amekuwa wa baridi. Anapumua, lakini hana uzito. Nimempakata, na sihisi kama nimempakata mtu."

Begimai akashusha simu.

"Nirudishie mwanangu."

"Nilikuuliza," Bibi Uulkan alisema polepole. "Ukajibu."

"Nilidhani ni zulia!"

"Na mkate ukaula."

Begimai akaanguka miguuni pake, akalia bila haya. Alilia mpaka akakosa sauti. Kisha akainua uso.

"Bibi. Wewe ulipotelewa na binti. Mimi pia ni binti wa mtu, na mama yangu yuko kaburini, hakuna atakayekudai. Mwachie yule. Nichukue mimi."

Huko nje sauti ya mtoto ikanyamaza.

"Unanipa?"

"Nakupa."

"Kwa moyo wako?"

Begimai akavitazama vile viatu vidogo. Alitamani kumwona Meerim akikua, akigombana naye, akiolewa. Alitamani sana.

"Kwa moyo wangu."

"Na jina?"

"Begimai."

Bibi akamega mkate. Wakala. Kisha akatandika sakafuni vipande viwili vipya, akachukua sabuni.

"Lala, mwanangu. Tandaza mikono."

Sabuni ilikuwa ya baridi shingoni. Mkasi ukaanzia miguuni.

Baadaye wanawake wawili walikuwa wakinywa chai karibu na jiko. Simu ikalia. Aliyekuwa karibu nayo akaipokea.

"Mama! Mama, uko wapi? Nina njaa! Mama mdogo ameking'ang'ania kiuno changu haniachii, njoo basi! Mama!"

Alisikiliza kwa makini. Ilikuwa sauti ya kupendeza.

"Mama," akamwambia bibi, "kuna mtoto analia humu."

"Mtoto wa nani?"

"Hata simjui, maskini." Akarudisha simu sikioni. "Usilie, kipenzi. Mama yako atakuja." Akakata.

Sairagul alipanda huko barabara ilipopitika. Gari la dada yake lilikuwa uani, limezama theluji. Nyumba ilikuwa tupu, imefagiwa, jiko limezimika. Akamwuliza mfugaji jirani.

"Wamehamia bonde la chini," yule mtu akasema, akifunga farasi wake. "Bibi na binti yake."

"Bibi Uulkan hana binti!"

"Hana vipi? Siku zote tunamwona. Yule mkubwa, mwenye mikono ya kushona."

Sairagul akarudi ndani ya nyumba ile. Ukutani lilikuwa limesahauliwa zulia moja jeupe, na katikati yake tundu lenye umbo la mwanamke mzima. Akaingiza mkono mpaka akagusa ukuta. Ukuta ulikuwa barafu. Kingo za tundu zilikuwa na joto.