Akuwam na Nyumba ya Baridi

Kila asubuhi ya likizo, Akuwam alichota maji, akafagia uwanja, kisha akaketi na mama yake kunywa chai ya rangi. Hapo walipanga kazi za siku. Akuwam alikuwa na miaka kumi na mitatu na alisoma Gredi ya Saba mjini Lodwar. Mama yake, Nakuleu, alikuwa dalali wa nyumba. Mtu akitaka nyumba ya kukodisha katika mitaa ya Kanamkemer au Napetet, alimtafuta Nakuleu.

Zamani Mama alibandika matangazo kwenye nguzo za stima karibu na soko. Upepo uliyararua kabla wiki haijaisha.

"Mama, siku hizi watu hawasomi nguzo," Akuwam alimwambia. "Wanasoma simu. Tupige video za nyumba."

Mama aliogopa mambo ya mtandaoni kama anavyoogopa nge. Alifikiria siku mbili nzima, kisha akakubali kwa masharti. Simu itabaki kuwa yake. Akuwam hatamjibu mtu asiyemjua. Na hakuna video itakayotoka kabla Mama hajaiona.

Basi Akuwam akaanza kujifunza. Aliwatazama madalali wa Nairobi na Eldoret jinsi wanavyofanya. Aligundua kwamba sekunde tatu za kwanza ndizo zinazomfanya mtu asipite. Aligundua pia kwamba video inafaa kuwekwa saa moja jioni, watu wakiwa wameshika simu wakingoja chakula, na namba ya simu itajwe mwishoni, polepole, mara mbili. Video yake ya kwanza ilipotoka, watu wawili walipiga simu jioni ile ile. Mama alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Kumbe hiki kidude kinafanya kazi," alisema.

Mama alikuwa na desturi moja ambayo madalali wengine walimcheka nayo. Hakuisifu nyumba kabla hajaikalia. Aliingia ndani saa saba mchana, akafunga mlango, akaketi sakafuni robo saa nzima. Akitoka hapo alijua joto lake, vumbi linalopita chini ya mlango, na kelele za jirani. Akisema "nimeikalia", wateja walimwamini.

Alhamisi moja Mama alipewa ufunguo wa nyumba mpya huko Nakwamekwi. Siku hiyo alikuwa na wateja wengine wa kuzungushwa mjini.

"Nenda wewe ukaikalie," alimwambia Akuwam. "Robo saa, usipunguze. Ukirudi utaniambia, ndipo tupige video."

Nyumba ilikuwa ya kupendeza. Kuta zilipakwa rangi ya samawati na mlango ulikuwa mpya. Akuwam akafunga mlango, akaketi. Dakika ya pili jasho lilimwingia machoni. Aliangalia juu, akaona mabati matupu bila dari. Sakafu ilimchoma kama sufuria iliyotoka jikoni. Dakika ya tano akatoka mbio.

Njiani alikutana na Ekiru, jirani yake waliyesoma naye darasa moja. Ekiru alikuwa ameweka mtandaoni video ya ngamia akitafuna gazeti, ikatazamwa na watu elfu tano. Tangu siku hiyo hakuacha kumtambia Akuwam.

"Bado uko kwa watazamaji mia tisa?" Ekiru aliuliza. "Ngamia wangu anakusalimia."

Akuwam alimpita akaenda zake. Lakini maneno yale aliyabeba mpaka nyumbani, na akiwa njiani wazo likamjia. Wazo lenyewe lilimfurahisha hata akasahau mgongo wake uliolowa.

"Umeikalia?" Mama aliuliza.

"Nimeikalia, Mama. Ni nzuri sana."

Ninyi mnaosoma, angalieni hapo. Hakuiba wala hakupigana na mtu. Alisema neno moja tu ambalo halikuwa kweli, na alilisema kwa mtu aliyemwamini.

Kesho yake saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla jua halijachomoza, Akuwam alisimama sebuleni mwa nyumba ile. Alikuwa amevaa sweta yake nyekundu ya shule na kujikumbatia kama mtu aliye kwenye baridi ya Limuru.

"Niko Lodwar, na nimevaa sweta," alisema, akisugua viganja. "Hamjasikia vibaya. Hii ndiyo nyumba ya baridi. Joto tumewaachia wengine."

Mama aliitazama video, akatikisa kichwa huku akicheka. Kwa kuwa aliambiwa nyumba imekaliwa, aliruhusu itoke.

Kufika usiku ilikuwa imetazamwa mara elfu nane. Jumapili ilifika elfu thelathini. Watu wa Kitale waliituma kwa watu wa Lokichoggio, na wa Lokichoggio wakaituma Juba. Kanisani wasichana walimwita Akuwam "Sweta". Ekiru mwenyewe alikuja hadi mlangoni.

"Umenipita mimi na ngamia wangu," alisema. "Nifundishe."

Akuwam hakuweza kuketi. Kila simu ilipolia alikimbia kumpelekea Mama. Miongoni mwa waliopiga alikuwa Nyaruach, fundi wa kushona nguo kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alikuwa amepata kazi Lodwar ya kushona sare za shule, na alikuwa na mtoto wa miezi minne aitwaye Gatwech.

"Mtoto wangu joto inamsumbua," alisema. "Mwili yote vipele. Hiyo nyumba ya sweta bado iko?"

"Iko," Mama alijibu. "Na mwanangu ameikalia."

Nyaruach aliwasili Jumatatu saa mbili asubuhi, na cherehani yake, magodoro mawili na mtoto mgongoni. Chumba chake cha Kakuma alikuwa amempa mtu mwingine. Mama alikuwa na wateja Kanamkemer, kwa hiyo Akuwam ndiye aliyempelekea ufunguo. Saa hiyo ndani palikuwa bado na hewa ya asubuhi. Nyaruach aliweka kiganja ukutani, akatabasamu.

"Mungu akubariki, mtoto wa Nakuleu," alisema.

Akuwam aliondoka haraka kuliko kawaida.

Jumatano alikuwa amekwisha kujituliza. Madalali wa Nairobi walikuwa na mbinu nyingine: kumrekodi mteja aliyeridhika akisifu nyumba yake. Akuwam aliiomba simu ya Mama, akaenda Nakwamekwi saa nane mchana, moyo ukimdunda kwa furaha ya video mpya.

Nyaruach hakuwa ndani. Alikuwa ameketi nje, nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta penye kivuli chembamba kama mkanda. Cherehani ilikuwa kando yake mchangani. Alikuwa akihama na kile kivuli kuizunguka nyumba tangu asubuhi. Gatwech alikuwa amefungwa leso iliyoloweshwa maji, midomo yake imekauka. Hakulia.

"Ejok," Akuwam alisalimu kwa sauti ndogo.

"Ejok, mtoto wangu. Karibu kivuli." Nyaruach alisogea kumpa nafasi. Kisha akamwangalia kwa huruma. "Nimekuwa nataka kukuuliza. Siku ile ya sweta, ulikuwa na malaria?"

Akuwam aliificha simu nyuma ya mgongo.

"Mimi nimefikiria sana," Nyaruach aliendelea. "Nikasema huyu mtoto alikuwa anatetemeka homa, na bado anafanya kazi ya mama yake. Umepona?"

Afadhali angetukanwa. Akuwam alimtazama mtoto, akaona tumbo lake likipanda na kushuka upesi upesi.

"Sikuwa mgonjwa," alisema. "Nilidanganya. Mama Gatwech, twende zahanati sasa hivi."

Alisimamisha boda boda barabarani. Kule zahanati muuguzi alimpima mtoto, akaanza kumpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, tone kwa tone.

"Amepungukiwa maji," alisema. "Mngengoja mpaka jioni, tungekuwa tunaongea mengine. Asirudi kwenye joto hilo."

Mama alipofika, akiwa ameitwa na yule wa boda boda, Akuwam alimweleza yote: dakika tano, mabati, sweta ya alfajiri, na lile neno "nimeikalia". Mama hakumpigia kelele. Alimgeukia Nyaruach.

"Dada, kosa limetoka nyumbani kwangu. Leo mtalala kwangu, mpaka nikupatie mahali."

"Na kazi yangu?" Nyaruach aliuliza. "Sare zinatakiwa Jumatatu."

"Cherehani itakaa barazani kwangu. Kuna kivuli na Akuwam atakukatia nyuzi."

Jioni Akuwam alitaka kuifuta ile video. Mama akamzuia.

"Watu elfu thelathini wameona. Ukifuta ukanyamaza, umejificha tu. Kwanza waambie."

Basi kesho yake saa nane mchana walirudi Nakwamekwi wote wawili. Akuwam aliweka kijiko cha siagi juu ya sakafu ya sebule na kuiwasha kamera. Jasho lilimtiririka mbele ya watu wote. Siagi ililegea, ikatandaa, ikawa mafuta matupu.

"Hii ndiyo ile nyumba niliyovalia sweta," alisema. "Nilipiga video alfajiri. Niliwadanganya, na mtoto akaugua. Mchana hali ni hii."

Ekiru ndiye aliyeandika maoni ya kwanza: "Umetukaanga sisi pamoja na siagi." Wengine walimsema Akuwam vikali, na Mama alimfanya ayasome yote. Lakini baadaye wakaanza kuuliza maswali mengine. Na ile ya Kanamkemer, siagi inakaaje? Na Napetet? Akuwam na Mama wakazunguka mji mchana baada ya mchana, kijiko mkononi, wakikalia nyumba moja baada ya nyingine na kuonyesha yote, zuri na baya. Simu ililia kuliko wakati wa sweta.

Mzee Ebei, mwenye ile nyumba ya samawati, alipiga simu akilalamika kuwa wamemharibia. Mama akamwalika aje aikalie mwenyewe robo saa. Alikaa dakika saba. Wiki iliyofuata mafundi walikuwa juu wakipigilia dari.

Nyaruach alipata nyumba Napetet, ya mawe, yenye dari na mwarobaini mlangoni. Safari hii hakuchukua ufunguo mpaka ameketi ndani saa saba mchana na Gatwech mapajani, Mama upande huu na Akuwam upande ule. Mtoto alilala usingizi mzito kabla ya robo saa kwisha.

"Hii nimeikalia," Nyaruach alinong'ona.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Akuwam aliuliza:

"Mama, utaniacha niendelee na video?"

"Utaendelea, maana unaijua kazi," Mama alisema. "Lakini ukumbuke hivi. Aliye Kakuma anaona picha na anasikia sauti yako, basi. Joto halipiti kwenye simu. Yeye hana ngozi hapa Lodwar, anaazima yako. Ukimwambia unasikia baridi, anamfunga mtoto wake mgongoni na kupanda basi."