Koromo la Ntumba

Shangazi yangu Odile hakuwa mchawi. Nasema hivyo mapema, maana mtaani kwetu Kolwezi wapo wanaosema vingine. Alikuwa mtu wa sala, mwenye chuki ya kawaida tu, kama majirani wengi mwaka ule wa 1993 Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, walipokuwa wakifukuzwa kwetu.

Jumatatu asubuhi jirani yake Ngalula, Mkasai, alirudi kutoka hospitali na bintiye Ntumba wa miaka sita. Mtoto yule alikoroma hadi barabarani wakamsikia, na katikati ya koromo pumzi ilikatika. Daktari alimchungulia kooni: mafindofindo yamevimba, yanakaribia kugusana. Akapangiwa kupasuliwa Alhamisi.

Mchana vijana wakaja na mapanga. Ngalula akaachiwa muda wa kufunga godoro tu, kisha stesheni, kungoja treni ya Kasai na wenzake. Kurudi mtaani ilikuwa kutafuta kifo. Akamsukuma mtoto mlangoni kwa shangazi.

"Mama Odile, unibakizie ye mpaka jeudi, siku ya kumupasula, umupeleke kwa docteur. Usimulalishe ku mugongo. Alale ku lubavu, njo anapumua."

"Nimesikia," shangazi akasema. Macho yake yalikuwa kwenye nyumba ya Ngalula, iliyoizidi yake kwa vyumba viwili.

Jumatano mchana Ntumba alisinzia mkekani. Akakoroma. Pumzi ikakatika. Wanawake wa kikundi cha sala waliokuwa ndani wakatazamana.

"Ametoka," mmoja akanong'ona. "Anaenda kuita benzake ba Kasai. Umugeuze kabla hajarudia."

Kwetu inajulikana: mchawi akiuacha mwili wake umelala, ukigeuzwa hapati tena pa kuingilia. Shangazi akamgeuza chali. Akamfunika uso kwa kitenge. Wakaimba.

Waliimba nyimbo tatu. Pumzi haikurudi.

Jioni ile treni iliondoka na Ngalula. Hakuna aliyemwambia. Namchukia shangazi kwa hilo kuliko kwa jingine lolote.

Shangazi akahamia nyumba ya Ngalula. Siku ya kwanza tu, koromo. Akalaumu nyumba, akahama. Likamfuata. Akajiaminisha kuwa anayekoroma ni mwanawe mdogo Kalumba, akampeleka kwa daktari yuleyule. Mimi ndiye niliyembeba mtoto.

Daktari akachungulia koo la Kalumba. Safi. Mtoto alikuwa macho, kimya, ananyonya kidole. Koromo likaendelea mle chumbani.

Daktari akageuka polepole. Akaweka kipimo chake cha masikioni kifuani mwa shangazi. Akasikiliza. Akakishusha kidogo. Akasikiliza tena.

"Mama," akanong'ona, "huyu mutoto mwenye kulala umu ndani, ni wa nani?"

Koromo likakatika. Tukangoja lirudi.

Daktari alipokiondoa kipimo, kile kisahani chake kilikuwa na ukungu, kama kimepuliziwa pumzi. Akaufuta kwa koti lake.

Ukarudi.