Kikohozi cha Mzee Saulo

Ikupa alikuwa anatwanga mahindi mbele ya nyumba. Mume wake, Isakwisa, alikuwa ananoa jembe. Walikaa Mbeya, karibu na uwanja wa ndege. Hapo mbele kulikuwa na migomba mingi.

Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wake usoni. Kwa hiyo Mzee Saulo, baba yake Isakwisa, akija kuwatembelea, hukohoa kwa nguvu kwenye migomba. Ikupa akisikia, huingia jikoni upesi na kufunga mlango. Mzee hupita kwa amani.

Asubuhi hiyo ndege ilishuka ikinguruma juu ya migomba. Ikupa aliendelea kutwanga. Alipoinua macho, Mzee Saulo alikuwa mbele yake, uso kwa uso!

Ikupa alitupa mchi, akakimbilia jikoni. Kuku walitawanyika.

"Isakwisa!" mzee alifoka, amegeukia ukuta. "Ni mara ya pili! Nimekohoa kama ng'ombe mgonjwa. Mke wako ananidharau."

"Baba, hakusikia. Ni ndege."

"Ndege iko juu, mimi niko chini! Mimi mzee nimekisikia kikohozi changu. Yeye kijana asisikie? Akirudia tena, arudi kwao Tukuyu wakamfunze adabu."

Nyuma ya mlango Ikupa alilia. Aliipenda nyumba yake, na alimpenda Isakwisa.

Jioni mzee alikuwa bado barazani, amenuna. Jirani yao, Filemoni Kalinga, alikuja kuomba moto. Alikuwa bwana afya, mtu wa Iringa, mpenda utani.

"Kamwene!" alisalimu kwa Kihehe. "Mbona leo kimya, kama mmekula ndizi mbichi?"

Isakwisa akamweleza yote.

"Msibishane," alisema Kalinga. "Pimeni hiyo kelele."

Mzee Saulo aliguna. "Kelele inapimwa kwa nini? Kwa debe? Ninyi Wahehe!"

"Wataalamu wana chombo chake, mzee. Sisi tuna sauti na masikio. Mmoja anasema, mwingine anasikiliza. Ndege ikipita, tunaona kama bado wanasikilizana. Mtu akiwa karibu, unaweza kumgusa kwa mkono, na bado unalazimika kupiga kelele ili akusikie, basi ngurumo hiyo ni kubwa mno. Ukikaa ndani yake kila siku kwa muda mrefu, masikio yanaharibika."

"Lakini mimi nilijisikia!"

"Kikohozi chako kinatoka kifuani mwako mwenyewe. Utakosaje kukisikia? Pima kwa sikio la yule anayekungoja."

Siku ya ndege nyingine ilipofika, Ikupa alikaa jikoni. Mzee Saulo alisimama penye kinu, Kalinga kando yake. Isakwisa alikwenda kwenye migomba, akakohoa.

"Nimesikia!" mzee alisema kwa majivuno. "Kazi rahisi."

Kisha ndege ikaja. Majani ya migomba yalitetemeka. Mzee alitega sikio, akangoja. Ghafla mtu alimshika bega. Mzee aliruka.

"Mbona hukukohoa, wewe?"

"Baba, nimekohoa mpaka kifua kinauma!"

Kalinga alicheka hadi akakaa chini. Mzee Saulo alitazama migomba, akatazama kinu. Polepole naye akaanza kucheka.

"Maskini mkwe wangu," alisema. "Nilitaka kumrudisha bure."

"Tupime na nyuma ya nyumba," alisema Kalinga.

Walingoja huko mpaka ndege ikapakia abiria na kuanza kuondoka. Ikiwa bado inanguruma, Isakwisa alikohoa penye ua wa nyuma. Safari hii mzee alisikia, kwa mbali kidogo, lakini vizuri.

"Ukuta wa nyumba unazuia kelele," Kalinga alieleza. "Hamisheni kinu kije huku. Mzee naye apite huku. Ndege ikinguruma, angoje kwanza ipite ndipo akohoe. Na watoto wasisogee kwenye uwanja injini zikiwashwa. Huko ngurumo ni kali sana."

Siku hiyo hiyo Isakwisa alibeba kinu. Mzee mwenyewe alifyeka njia mpya.

Tangu hapo hawakukutana tena uso kwa uso. Majirani waliposikia habari, walimwita Mzee Saulo naye awapimie. Aliwaonyesha mahali pazuri pa kukaa na watoto wachanga, na pa kufundishia kwaya. Kila ndege ilipopita, alikuwa kwenye ua wa mtu, ametega sikio.

Jumamosi moja alifika akiwa amechoka. Alikohoa, akasikia mlango wa jikoni ukifungwa.

"Isakwisa," alisema kwa sauti kubwa, "mwambie mke wako leo nisile mboga za majani tu. Fundi wa kupima kelele hula kuku."

Kicheko kilimtoka Ikupa nyuma ya mlango. Alijiziba mdomo, lakini wapi! Mzee Saulo aligeuza uso kwa heshima, akaenda kukaa barazani, mabega yakimtikisika kwa kucheka.