Nyuzi Zilizolegezwa

"Leo naenda redioni peke yangu," alisema Chiriku, kasimama mlangoni kwangu na gauni la jukwaani saa tatu asubuhi, kama vile redio ina macho.

"Na Kimya je?"

"Abaki na gitaa lake! Shangazi, miaka sita ya uchumba. Nikitaja ndoa tu, anainama kurekebisha nyuzi."

Nyuzi hizo nilizijua mimi.

Chiriku, mwimbaji wa bendi ya dansi, ni binti wa marehemu kaka yangu. Kimya ndiye mpiga gitaa la solo na kiongozi wa bendi. Mimi nawashonea sare, na mshona nguo haambiwi siri, anazipima kwa futi. Miaka miwili nyuma Chiriku alipasuliwa shingo, akatolewa uvimbe. Daktari akasema sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi. Siku aliyopanda jukwaani tena aliimba mpaka ukumbi ukalia machozi. Tangu hapo kidevu hakijashuka.

Hata robo saa haijapita, Kimya huyo, mbio, shati limetoka nje.

"Shangazi, amekwenda?"

"Amekwenda."

"Nani atampigia muziki?"

"Wana mpiga kinanda wao hukohuko."

"Kwa kii ipi? Wimbo uanzie juu au chini?"

"Baba, mimi nijue kii? Mimi najua vifungo vya shati."

Akaketi juu ya gunia langu la vitambaa, akapiga simu mara tano. Imezimwa. Akaandika: "Mwambie mpiga kinanda ashushe kii. Nakuomba. Nitakueleza kila kitu." Ujumbe haukufika.

Nikafungua redio. Mtangazaji alikuwa akisimulia maisha ya wanamuziki wa jukwaani, sauti imejaa asali.

"Dada Chiriku, wanasema sauti yako haizeeki."

"Hata kisu hakikuiweza, kaka yangu."

"Basi tuimbie ule wimbo uliokupa jina. Kama ulivyourekodi zamani, usipunguze kitu."

Kinanda kikaanzia juu. Kimya akafumba macho. Ubeti wa kwanza Chiriku akapita akichechemea. Kwenye kiitikio sauti ikapanda, ikapanda, ikakatika kama uzi mbovu kwenye cherehani. Akajaribu tena. Ikatoka kwaruzo. Halafu tangazo la sabuni.

"Nimemuua," Kimya akasema.

Chiriku alirudi na teksi, akaingia chumba changu cha nyuma, akapiga komeo. Kimya akaketi sakafuni, mgongo mlangoni.

"Fungua, mpenzi."

"Mpiga kinanda ameniambia. Eti jukwaani mnapiga chini kuliko nilivyorekodi, eti anashangaa sijui. Ni kweli?"

"Kweli."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotoka hospitali. Kila mwezi nililegeza nyuzi kidogo. Ukapanda jukwaani ukaimba, ukanicheka kwa furaha. Nikashindwa kukwambia."

"Bendi nzima walijua?"

"Wote. Mpiga tarumbeta alinung'unika mwezi mzima, eti tukishuka tena atapulizia magotini."

Hakucheka. Nikasikia kilio ambacho sijakisikia tangu tumzike kaka yangu.

"Miaka miwili natamba mbele za watu! Mwimbaji gani asiyejua sauti yake mwenyewe? Mlikuwa mnanionea huruma!"

"Nilikuwa naogopa kukupoteza. Ndiyo maana hata ndoa niliikimbia. Ningekuoaje na uongo ule begani?"

"Sasa umeutua. Nenda."

Kimya akaenda. Siku ya tatu Chiriku hali, hasemi, uji unarudi na utando wake. Simu ikalia kitandani, ujumbe wa Kimya: "Jumapili mchana tuna ukumbi. Usipokuja navunja bendi. Sitampigia mwingine." Akajibu neno moja: "Vunja." Akageukia ukutani.

Hapo nikaogopa kweli. Nikaingia na lile gauni mkononi, nikaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mwanangu, nina kesi nataka unishitaki."

"Shangazi, niache."

"Gauni hili, tangu utoke hospitali nimelitanua mara tatu."

Akageuza shingo. "Umefanya nini?"

"Kiunoni. Mara mbili mwaka jana, moja mwezi uliopita. Ulikuwa unalivaa, unajizungusha kwenye kioo, unasema, 'Shangazi, sinenepi mimi.' Nikasema ndiyo, hunenepi."

"Shangazi! Ukanidanganya!"

"Kwa sindano na uzi. Ningekuacha lipasuke mbele za watu? Sasa niambie, Kimya amekosa nini nisichokosa mimi? Tena mimi nimekuwa nikicheka peke yangu. Yeye alikuwa analia."

Mdomo wake ukatetemeka, sikujua ni kicheko au kilio. Vilikuwa vyote viwili.

"Bado nimeumia."

"Umia. Lakini mwambie yeye, usiuambie ukuta."

Jumapili ukumbi ulijaa, maana watu hupenda kuja kuangalia aliyeanguka. Kimya alishaanza kukunja waya wa gitaa Chiriku alipoingia kwa mlango wa mbele. Akapanda, akashika maiki.

"Ndugu zangu, juzi redioni hayakuwa matatizo ya mitambo. Ni koo langu. Sauti ile ya zamani imekwenda, na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa."

Hata viti vikaacha kulia. Akamgeukia Kimya, maiki bado i wazi.

"Tunaanzia wapi leo?"

"Pale pa siku zote," Kimya akasema, machozi yanamtiririka. "Chini."

"Usinifiche tena."

"Sitakuficha."

"Basi shusha zaidi, na kila mtu asikie. Nataka nibakiwe na pumzi ya kujibu swali lako."

"Swali gani?"

"Hilo ambalo hujaniuliza miaka sita."

Kimya akalegeza nyuzi, moja moja, ukumbi mzima ukisikiliza. Mpiga tarumbeta akaguna, "Tumekwisha. Magotini." Kisha Kimya akasogea kwenye maiki, mtu asiyesema, akasema:

"Utakubali nikuoe?"

"Piga muziki kwanza," akajibu. "Nitakujibu kwenye kiitikio."

Na akajibu. Sauti ilikuwa nzito, ina mikwaruzo, na haikukatika.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kumpima kwa macho. Gauni la harusi nitaliachia kiunoni pindo kubwa la kutanulia, na safari hii nitamwambia.