Msichana wa Dirisha la Maji

Hadiyo alikuwa akifanya kazi kwa jina la mtu mwingine, na serikali ilikuwa inakuja kuhesabu wafanyakazi wake. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Jina alilolibeba lilikuwa la Filsan, binti ya mjomba wake. Filsan aliajiriwa katika ofisi moja ya maji mjini Garissa kwa sababu ukoo ulikuwa na nafasi yake, na safari hiyo nafasi ikaangukia nyumba yao. Alikaa dirishani majuma mawili, akalalamikia joto na harufu ya watu wa mashambani, akarudi Eastleigh kwenye duka lake la manukato. Mshahara ukamfuata huko huko. Hadiyo akakalia kile kiti, akabandika beji ya Filsan kifuani, akawa anakatiwa nusu ya mshahara. Ofisi nzima ilijua. Meneja wao, Dubow, mtu wa tumbo na suti ya kijivu, ndiye aliyepanga hivyo, na kila Idi alipelekewa mbuzi aliyenona.

Kwa nini Hadiyo asiajiriwe mwenyewe? Hakuwa na kitambulisho. Mwaka ule wa ukame, ng'ombe wao walipoishia njiani Modogashe, mama yake Ebla aliwachukua watoto mpaka kambi ya Dagahaley, akasema wametoka Somalia, wakaandikwa wakimbizi ili wapate unga na mafuta. Majirani wengi walifanya vivyo hivyo, na watoto walikula. Hadiyo alikuwa mdogo. Alishikwa kidole kikabonyezwa kwenye mashine, akacheka kwa sababu kioo kilikuwa baridi. Alipokua akaenda kuomba kitambulisho cha Kenya, nchi aliyozaliwa yeye na babu yake, mashine nyingine ikamkumbuka. Mkimbizi, ikasema. Tangu hapo kila afisa alimwambia arudi mwezi ujao, na mwezi ujao ulikuwa na afisa mpya mwenye kiu mpya ya chai.

Basi akawa Filsan kazini na Hadiyo nyumbani, na akaizoea hali hiyo kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Siku aliyokutana na Abdilatif alikuwa Hadiyo. Ilikuwa Jumamosi, soko la Suuq Mugdi limefurika, vitambaa vinaning'inia mpaka vichwani mwa watu, moshi wa ubani wa uunsi unatoka kila kibanda. Alivaa jilbabu ya rangi ya zambarau na mikono yake ilikuwa na hina mbichi ya harusi ya jirani. Mbele yake kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, alikuwa ameshika dirac, gauni jepesi la Kisomali, aliyomchagulia mama yake na anatoa noti bila kuuliza neno. Weris, mwenye kibanda, alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Waryaa, wewe kijana, rudisha pesa mfukoni," Hadiyo akasema. "Weris, mwogope Mungu. Hiyo bei ni ya dirac au ya kibanda?"

"Hadiyo, usiniharibie riziki," Weris akasema.

Kijana akageuka. Alikuwa na macho ya mtu anayecheka kabla ya mdomo.

"Abaayo, dada yangu, wewe ni mwanasheria wangu?"

"Mimi ni mtu aliyeona ng'ombe anachinjwa, akashindwa kupita."

"Ng'ombe? Si ungeniita hata ngamia."

"Ngamia ni mnyama wa maana. Ngamia angeuliza bei."

Weris mwenyewe akacheka, akashusha bei kwa hasira. Kijana akanunua, akamfuata Hadiyo mpaka kwenye kivuli cha bajaj zilizopangwa. Akasema anaitwa Abdilatif, mtu wa Rhamu, amekuja Garissa kikazi, hajui mtu, na mwanasheria mzuri lazima awe na namba ya simu.

"Na ngamia je, wana simu?" Hadiyo akauliza, lakini namba aliitoa.

Wakawa wanapigiana kila jioni baada ya maghrib. Alimwita mwanasheria wangu; naye akamwita ngamia wangu, na siku mapenzi yalipompanda akasema ngamia wa roho yangu, halafu akakata simu kwa aibu.

"Umekula nini?"

"Hotelini wametupa kuku wa kukaushwa. Nimekumbuka nyama ya nyirinyiri ya nyumbani mpaka machozi yakanitoka."

"Oa basi, upikiwe."

"Niko kwenye hiyo kazi. Wewe unadhani nakupigia niulize hali ya hewa?"

Alimchekesha. Hakuna mwanamume aliyekuwa amemchekesha hivyo, na Hadiyo akaanza kujipaka manukato jioni kwa ajili ya simu, jambo ambalo Ebla aliliona. Ikafika siku Hadiyo alipomuuliza ni kazi gani hiyo iliyomleta.

"Mageuzi ya utumishi wa umma," akasema kwa fahari. "Tunasaka wafanyakazi hewa. Kila mtu anayelipwa ataweka kidole kwenye mashine. Wizi umetosha, Hadiyo. Watu wanalipwa wakiwa wamelala Nairobi, na wagonjwa na wenye kiu wanasimama dirishani."

Hadiyo aliitia beji ya Filsan chini ya mkeka.

"Na wewe je? Kazi yako nilisahau kuuliza."

"Namsaidia Weris kuuza nguo," akasema. Uongo huo ulimtoka haraka kama chafya.

Hayo mageuzi yalianza kwa rangi. Ofisi ikapakwa rangi ya buluu. Ukutani kikatundikwa kibao kipana kinachosema mwananchi ndiye mkubwa, na chini yake wakubwa wakapiga picha. Kukawa na semina ya siku nzima hotelini kuhusu uadilifu. Dubow alikula biriani mara mbili, akafungua chupa za maji akaziacha nusu, siku hiyo hiyo mzee Bule alikuwa dirishani anaomba lori la maji kwa kijiji chake upande wa Modogashe.

Hadiyo alimpigania Bule, mzee aliyemjua kwa jina lake la kweli tangu utotoni. Alipiga simu kwa dereva, akamfuata Dubow mpaka mlangoni pa gari lake, akasimama pale mpaka sahihi ikapatikana. Ndivyo alivyofanya kila siku. Hakuwa na ujuzi wa ajabu. Alikuwa tu mtu anayekaa kwenye kiti anacholipiwa mwenzake.

Jioni ya kuamkia hesabu, Dubow alimwita.

"Kesho usije. Filsan anashuka na ndege."

"Na watu wa dirishani, adeer?"

"Watu watangoja. Kazi yao kungoja. Wewe kaa nyumbani, usionekane hata njiani."

Akakaa nyumbani, akafua nguo zilizokuwa safi. Saa sita mchana simu ikalia. Alikuwa Abdilatif, na sauti yake haikuwa ya kucheka.

"Hadiyo, leo alikuja binti mmoja hapa, kucha nyekundu, anajipepea na tiketi ya ndege. Akaweka kidole, mashine ikamkubali. Filsan. Kisha akaniuliza dirisha lake liko upande gani."

Hadiyo aliiacha nguo izame kwenye beseni.

"Mzee mmoja kwenye foleni akainua bakora. Akasema huyu si wetu. Wetu ni Hadiyo, wa hina, mkali, aliyetuletea lori. Nimemuuliza mara mbili. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Duka la Weris?"

"Nilikudanganya. Ungefanya nini, ungenipigia tena?"

"Ningekupigia mpaka simu iungue," akasema. "Sikiliza, mpenzi. Nitaandika kila kitu. Filsan ni hewa, wewe ndiye mfanyakazi. Mradi huu ni wa watu kama wewe. Wakiuona ukweli watakupa kiti kwa jina lako."

"Usiandike."

"Kwa nini uogope? Huna kosa."

"Abdilatif, mimi sina kitambulisho. Kidole changu kiko Dagahaley. Hiyo mashine yako ukinipeleka mbele yake itasema mimi si mtu wa hapa. Nakuomba. Andika Filsan yupo, nenda zako, mimi nirudi dirishani."

"Unataka niandike uongo."

"Nataka uniache nilivyo."

"Hivyo ndivyo nchi ilivyooza," akasema, na maneno hayo yalimkata Hadiyo kuliko tusi. Akafikiri: kumbe huyu anataka cheo, na mimi ndiye ngazi yake. Naye Abdilatif upande wa pili akafikiri: kumbe na huyu amezoea uchafu. Wote wawili walikosea, na simu ikakatika, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyekata.

Abdilatif akaandika. Taarifa ikapanda ngazi, ikasomwa na watu wenye miwani, ikarudi. Filsan, ikasema, ana barua ya ajira, ana kitambulisho, kidole chake kimethibitishwa. Ni mtumishi halali. Hadiyo hayumo popote. Ni mlaghai aliyejipenyeza ofisini akijifanya mtumishi, na rekodi zinaonyesha ni mkimbizi. Ashitakiwe. Dubow alipongezwa kwa ushirikiano wake. Mradi ukatangaza ofisi hiyo haina mfanyakazi hewa hata mmoja.

Soma hayo mara mbili ukitaka. Hayabadiliki.

Askari wawili walimtoa Hadiyo nyumbani mbele ya majirani, akiwa na mafuta ya kupikia mikononi. Alikaa kituoni mpaka alasiri, mpaka ukoo ulipochanga pesa za kuzima kesi. Mjomba wake, baba ya Filsan, alichanga pia, kisha akamwambia Ebla kwamba Hadiyo amemharibia Filsan jina. Ebla akamwonyesha mlango. Filsan alikaa dirishani siku tatu, akarudi Eastleigh. Dirisha likafungwa kwa kufuli.

Abdilatif alipiga simu. Hadiyo aliitazama ikitetemeka juu ya mkeka, hakuigusa. Ujumbe aliomtumia ukabaki haujafunguliwa. Weris akampa kazi kwenye kibanda, na hivyo ule uongo wa duka la nguo ukawa kweli.

Mwezi ulikuwa umepita Abdilatif alipotokea kibandani. Shati lile jeupe, lakini mikunjo ya pasi haikuwepo. Amekonda.

"Natafuta dirac," akasema.

"Bei iko kwenye karatasi," Hadiyo akasema bila kuinua macho.

"Ni ghali. Punguza."

"Leo umejifunza kuuliza bei."

"Nimeacha kazi," akasema. "Niliwapelekea barua nikasema mmemwandika mtu aliyepo kuwa hayupo. Mkubwa wangu akaniambia mfumo umethibitisha. Nikamuuliza, mfumo umewahi kusimama kwenye hiyo foleni? Akaniambia nikapumzike. Nimekuja kukuomba radhi. Ulijua, na mimi niliyesoma sikujua."

"Hukutaka kujua. Nilikwambia kwa mdomo wangu."

"Uliniambia."

Weris akajifanya anakunja nguo zilizokwisha kunjwa. Hadiyo alitafuta hasira yake akaipata, lakini ilikuwa imeelekea upande mwingine, kule kwenye ukuta wa buluu na suti ya kijivu.

"Nyumbani wamekuambia nini?" akauliza.

"Baba yangu mdogo yuko nje, ndani ya bajaj, anatokwa jasho. Nimemtoa Rhamu aje aongee na mama yako. Ukikataa, nitamlipia nauli arudi."

"Umemwacha mzee kwenye jua hili?"

"Alisema kwanza nihakikishe hutanipiga."

Hadiyo akafunika mdomo na mtandio. Kicheko kilimtoka na machozi pamoja.

"Mlete ndani apewe maji," akasema. "Ngamia wewe."

Ebla aliwakaribisha kwa shaah, chai ya maziwa ya ngamia, na swali moja.

"Kijana, unafanya kazi gani?"

"Kwa sasa sina, hooyo."

"Alhamdulillahi," Ebla akasema. "Wa serikali nisingempa."

Ndoa ilifungwa na sheikh wa mtaa, mbele ya mashahidi wawili, kwa hina na nyama na vigelegele. Karani wa vyeti aliwaomba vitambulisho viwili, akaona kimoja, akawaambia warudi mwezi ujao.

Yaliyogharimu ni haya. Abdilatif alipoteza kazi moja, na sasa anachomelea milango karibu na daraja. Hadiyo alipoteza nusu mshahara uliolisha watu watano. Ebla alipoteza kaka mmoja. Hawasalimiani hata msibani. Kijiji cha mzee Bule kilikosa malori mawili ya maji dirisha lilipokuwa na kufuli, wakafa mbuzi arobaini na ngamia mmoja mwenye mimba. Cheti cha ndoa hakipo. Mtoto anatarajiwa baada ya Ramadhani, na hajulikani ataandikwa wapi.

Filsan analipwa kamili, yote yake sasa.