Waliotumia Boksi Moja

Mimi sio mtu wa kutishwa na kitu kidogo. Nimewahi kusukuma nyati na bampa ya pikapu pale kando ya ua wa mbuga ya Nakuru, na ni nyati aliyerudi nyuma, si mimi. Kwa hivyo nikikuambia kuna jambo lilinitoa jasho baridi mchana wa jua, ujue halikuwa jambo la watoto. Lilimpata shemeji yangu Wariara, dadake mke wangu Wachuka. Nilikuwako. Sikuhadithiwa.

Lilianza siku ya kawaida tu, Novemba 2007. Vumbi la Nakuru, magari ya kampeni yakipiga kelele kila kona, na mimi napakua magunia ya chakula cha ng'ombe kwa duka la Navneet, yule Mhindi wa mbegu na dawa za mifugo. Wariara alikuwa karani wake wa miaka mingi. Ndani ya ofisi alikaa na msichana aliyeajiriwa juzi, Truphosa. Wote wawili watu wa Subukia, walisoma shule moja ya msingi, na mpaka wakati huo walikuwa wanatumia boksi ya posta ya hiyo shule. Si unajua vile sisi hufanya. Barua yako inaenda shuleni, mwalimu anaita majina paredi, mtoto wa jirani anakuletea.

Navneet alitaka kumtumia kila mkulima kalenda ya 2008, kuanzia Kuresoi mpaka Naivasha. Anwani zilikuwa kwa kompyuta lakini zimevurugika kama nywele za kulalia. Orodha ya maonyesho ya kilimo iliweka mji mbele ya jina. Ile ya chama cha kahawa ilibananisha jina, boksi na mji mahali pamoja. Na programu ya kuchapa lebo haina akili yake. Lazima uionyeshe: safu hii ni jina, hii ni boksi, hii ni mji. Halafu ufute waliorudiwa, mtu asipate kalenda mbili.

Navneet alikuwa amewaambia wazi: kazi hii ikiisha, mmoja abaki kwa kompyuta, mwingine atafute kwingine. Wariara alikuwa analea mtoto wake Joan peke yake. Hakuwa na kwingine.

Siku hiyo nikiwa mlangoni na gunia begani, nilisikia Truphosa anacheka.

"Wariara, wewe umemaliza Kuresoi yote!"

"Nimemaliza aje?"

"Umeambia mashine boksi moja ni mtu mmoja. Hawa wote wanatumia boksi ya kanisa. Sasa imebakisha mmoja, wengine imewafuta."

Manju, mamake Navneet, alikuwa anamimina chai. Naye akacheka. "Beti, wewe iko kichwa," akamwambia Truphosa, na akampa kikombe cha kwanza. Beti, kwa lugha yao, ni binti.

Jioni nilimpa Wariara lifti. Tulipokaribia nyumbani akanigeukia.

"Shemeji, umesikia ameitwa beti? Mimi miaka yote hapo naitwa 'wewe'."

"Si hata 'wewe' ni jina," nikamwambia.

Hakucheka. Tangu hapo wivu ulimkalia kichwani kama mtungi wa maji. Alichunguza kucha za Truphosa. Alichunguza kiti chake cha ofisi, kile cha kuzunguka. "Hata akipiga chafya anaambiwa pole," alisema. "Mimi nikipiga naambiwa nizibe mdomo." Alikonda. Akiongea na wewe, macho yako kwingine, yanamtafuta Truphosa hata pale hayuko.

Wiki iliyofuata nilikuwa napeleka viazi Naivasha. Wariara akaingia pikapu bila kuulizwa.

"Nipeleke Kamere."

"Kamere kuna nini, kama si samaki?"

"Shemeji, endesha."

Nilitarajia mganga mzee mwenye ngozi ya chui. Wapi! Tulimpata jamaa wa rika langu, amevaa gambuti na aproni ya shamba la maua, ndio anatoka shifti. Alitukaribisha chumba cha mabati, kimoja, safi. Mimi nilibaki mlangoni. Sikuogopa, nilikuwa nachunga viazi.

"Jina sitaki," yule jamaa alinong'ona. "Watu hubadilisha majina. Niambie anapopatikana."

Wariara akataja boksi ya shule.

"Hapo wako wangapi?"

"Ni yeye tu."

Jamaa alichomoa shina la waridi kutoka kwa ndoo. Lilikuwa na vitumba viwili, kimoja kinene, kingine chembamba. "Kazi yangu huko shambani ni hii," akasema. "Shina likibeba viwili, natoa kimoja, kingine kinenepe." Alilitazama sana lile shina. "Mama, mimi naona viwili."

"Ni mmoja, nimekwambia!"

Nilijua boksi hiyo ni yake pia. Nikageuka kutazama viazi vyangu.

"Sawa," akasema. "Basi atabaki mmoja. Ng'oa mwenyewe."

Wariara hakufikiria. Mkono ulienda moja kwa moja kwa kile kinene. "Hiki kinachojidai," akasema, akakivunja.

Kilichobaki kikafunguka. Pale pale. Bila jua, bila maji.

Kesho yake mchana simu yangu ikalia. Alikuwa Wariara, sauti ndogo kama redio ya betri zilizoisha.

"Shemeji, kuja. Hawanioni."

Nilifika mbio. Langoni Ogola, askari wa duka, alinisalimia vizuri. "Sasa, boss." Ndani, Wariara alikuwa ameketi mahali pake, kando ya Truphosa. Manju alileta chai. Kikombe cha Navneet. Kikombe cha Truphosa. Akaenda.

"Asubuhi Ogola amenifungia lango usoni," Wariara alininong'oneza. "Nikiongea, ni Truphosa anajibiwa."

"Twende nyumbani," nikasema.

Navneet aliinua kichwa. "Boss, unaongea na nani?"

Niliangalia Truphosa. Alikuwa anaburuta safu za majina kwa skrini, taratibu. Alikuwa amenona mashavu. Na alikuwa anaimba chini chini wimbo wa kubembeleza mtoto, wa Kikikuyu, ule Wariara alikuwa anamwimbia Joan. Truphosa hakuwa anajua Kikikuyu.

Hapo Joan akaingia, ametoka shule, begi mgongoni.

"Mum!"

Wariara alifungua mikono. Mtoto akampita. Akakumbatia kiuno cha Truphosa.

Truphosa alishtuka. Niliona. Kwa muda mfupi macho yake yaliniuliza swali. Halafu uso ukalainika, mkono ukashuka kwa kichwa cha Joan.

"Pole mwanangu," akasema. "Mum amechelewa?"

Niligeuka kumtazama Wariara.

Kiti kilikuwa tupu. Sponji yake bado ilikuwa inainuka. Polepole. Vile huinuka mtu akitoka.

Nilienda nyumbani nikamuuliza mke wangu dadake yuko wapi.

"Truphosa? Si yuko kazini."

"Wariara, Wachuka. Wariara!"

"Huyo ni nani?" Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Kalenda zilitumwa zote. Nasikia hakuna hata moja iliyorudi. Truphosa alibaki na kazi, na Joan, na mahali pa Wariara katika picha za harusi yangu. Miezi iliyofuata nchi ikavurugika kwa vita vya uchaguzi, na mwaka ule ukimwambia mtu umepotelewa, anakutajia watu wake, na hao watu wanawakumbuka. Mimi nilirudi Kamere. Chumba cha mabati kilikuwa na mpangaji mwingine, mama wa kukaanga samaki, anasema amekaa hapo tangu kijengwe.

Mwaka 2008 ukielekea mwisho, mambo yametulia, Truphosa alitutembelea Jumapili na mtoto. Alikuwa jikoni kwangu akipika githeri, mvuke umejaa dirishani. Joan akaita kutoka uani.

"Mum!"

"Eee," Truphosa akajibu.

"Eee," ikajibu sauti nyingine. Hapo hapo jikoni. Imechelewa kidogo.

Niliingia. Truphosa alikuwa peke yake, mikono yote miwili imeshika sufuria, ametulia kabisa. Kwenye ule mvuke wa kioo kulikuwa na alama ya kiganja, vidole vimetandazwa, maji yanatiririka.

Nilichukua kitambaa nikakifuta kile kioo kwa ndani. Mvuke ukatoka. Kiganja hakikutoka.

Nikazunguka nje. Nikafuta huko pia.

Bado kipo, ndani ya kioo chenyewe.